Pamba, Kostiki na Swali la Barafu

Vipande viwili vya kitambaa cha pamba vilikuwa mezani, vimekatwa kutoka jora moja, urefu sawa. Kimoja kilikuwa kimetoka kwenye bika ya kostiki soda (hidroksidi ya sodiamu, alkali kali) iliyokaa juu ya barafu. Kingine kilitoka kwenye kostiki ya nguvu ileile, ila hiyo ilikuwa imepashwa moto. Hakuna aliyevivuta wala kuvibana. Mwanafunzi alivisuuza, akavilaza kando ya rula, akakunja uso.

"Mwalimu, mbona hiki cha barafu ndicho kilichonywea zaidi?"

Kilikuwa kimenywea kweli. Kilikuwa kifupi, kinene, na mianya kati ya uzi na uzi ilikuwa imezibika. Kile cha moto nacho kilikuwa kimefupika, lakini si kwa kiasi hicho.

Kitabu chake kilikuwa na sentensi moja kuhusu jambo hilo: nyuzi za pamba huvimba zaidi katika kostiki baridi. Aliisoma kwa sauti, kisha akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akatajiwa jina la mahali aliposimama.

Swali lake lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Si kwamba jibu halipo. Lililonisumbua ni kwamba darasani tunafundisha habari ya halijoto, muda, maji na nguvu ya kemikali kana kwamba ni vibonye vya kuongeza na kupunguza mwendo. Ukishika pamba mkononi, hadithi hiyo haikai.

Kufika kwanza, kasi baadaye

Tunajua sote kanuni ya shuleni: ongeza joto, mmenyuko uende haraka. Kanuni hiyo ilizaliwa kwenye myeyusho, mahali ambapo molekuli zinaogelea na kukutana zipendavyo. Selulosi ya pamba haiogelei. Ni minyororo mirefu ya glukosi, maelfu ya vipande kwa kila mnyororo, iliyolala sambamba na kushikana. Kila kipande cha glukosi kina vikundi vitatu vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoshikana), kwenye kaboni ya 2, ya 3 na ya 6, na karibu kemia yote ya pamba hufanyika hapo: nitrati inashika hapo, asetati inashika hapo, rangi ya nguo inashika hapo.

Kwenye karatasi, vikundi vyote vitatu viko wazi.

Ndani ya uzi, vingi vina shughuli nyingine. Vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe kwa vifungo vya haidrojeni, na sehemu kubwa ya pamba ni fuwele zilizopangika kiasi kwamba hata maji hayaingii ndani yake; yanapita pembeni na kwenye sehemu zisizo na mpangilio. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mmenyuko utakwenda kwa kasi gani, inabidi kuuliza kama kitendanishi, yaani kemikali inayoletwa kumenyuka na selulosi, kitafika.

Hapo ndipo barafu inapoingia. Kostiki kali ikiingia kwenye selulosi, ioni za sodiamu huingia pamoja na maji yanayozizunguka, na uingiaji huo hutoa joto. Mchakato unaotoa joto, kwa kanuni ya Le Chatelier, unasukumwa mbele ukiupoza na unarudishwa nyuma ukiupasha. Kwa hiyo kupasha moto kunaharakisha safari huku kukipunguza umbali. Rula ya mwanafunzi wangu ilikuwa inapima umbali.

Hilo lilitosha kujibu swali lake. Halikutosha kunituliza.

Mercer na kitambaa kilichofupika

Kisa cha John Mercer, mtia rangi wa vitambaa Mwingereza, kinajulikana kwa watu wa nguo. Mwaka 1844, huko Lancashire, alikuwa akichuja kostiki kali kwa kutumia kitambaa cha pamba, akaona chujio lake limebadilika: limekuwa zito, limefupika, mwanga unapenya kwa namna nyingine. Akalifuatilia, na mwaka 1850 akapata hataza. Pamba iliyopita kwenye kostiki ilikuwa na nguvu zaidi na ilinywa rangi vizuri zaidi.

Wenye viwanda hawakuchangamka. Kitambaa huuzwa kwa urefu, na huyu bwana alikuwa anawaletea njia ya kupoteza karibu robo ya urefu huo.

Ilipofika karibu na 1890, Horace Lowe alionyesha kwamba kitambaa kikivutwa ili kisifupike kikiwa ndani ya kostiki, au kikirudishwa urefu wake kabla ya kusuuzwa, kinatoka kinang'aa. Pamba ileile, kostiki ileile, matokeo yenye soko. Uzi wa mersaraizi tunaoshonea leo ni mtoto wa Lowe kuliko wa Mercer, ingawa jina limebaki la Mercer.

Sijawahi kuona mlinganyo wa kemia ulioandikwa mvuto juu ya mshale wake. Halijoto huandikwa, kichocheo huandikwa. Lakini hapa mvuto ndio uliotenganisha ugunduzi uliolala miaka 40 na bidhaa iliyoenea dunia nzima, kwa kuwa nyuzi zikivimba huku zimevutwa, zinakuwa duara na laini usoni badala ya kubaki bapa na zenye misokoto, na uso laini hurudisha mwanga.

Nguvu ya kostiki nayo haina huruma. Ikiwa hafifu, selulosi huvimba kidogo na kurudi ilivyokuwa ukisuuza. Ikiwa kali vya kutosha, viwandani kwa kawaida ni takribani asilimia 18 hadi 25, kostiki inaingia hadi ndani ya fuwele, na ukisuuza minyororo haijipangi tena kama zamani. Mpangilio mpya unaitwa selulosi II, na pamba hairudi kwenye ule wa kwanza kwa kuoshwa.

Baridi nayo ina hila

Nilipokuwa nikidhani nimemaliza, nikakumbuka kwamba viwanda vingine huingiza kitambaa kwenye kostiki ya moto kwa makusudi.

Sababu yake iko wazi ukiigusa kostiki baridi kwa kijiti cha kioo: ni nzito. Inapopakwa juu ya uzi uliosokotwa kwa kukaza, nyuzi za nje huvimba papo hapo na kufunga njia, na zile za ndani hupata kidogo au hukosa kabisa. Kostiki ya moto ni nyepesi, haivimbishi sana, kwa hiyo inapenya hadi katikati. Wanaotumia njia hii huingiza kitambaa kwenye moto, kisha hukipoza kikiwa bado kimelowa na kimevutwa. Moto kwa ajili ya kufika, baridi kwa ajili ya kuvimba.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka rula. Kipande cha barafu kilinywea zaidi, sawa. Lakini yawezekana kabisa kwamba kwa ndani kilikuwa na tofauti kubwa zaidi kati ya uzi wa nje na wa katikati kuliko kile cha moto. Rula ilitoa namba moja kwa kitu kisichokuwa kimoja.

Maji kidogo, maji mengi

Mkemia Christian Schönbein, akiwa Basel, Uswisi, mwaka 1846, alitangaza pamba inayolipuka: pamba ya kawaida iliyochovywa kwenye mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya sulfuriki. Ukiitazama bado ni pamba, nyeupe, yenye nyuzi. Ukiigusisha moto haipo.

Jambo linalonivutia katika pamba hiyo ni maji. Mmenyuko wa kuweka nitrati kwenye selulosi unakwenda mbele na kurudi nyuma, na maji ndiyo yanayoamua utasimama wapi. Asidi ya sulfuriki ipo kwa sehemu kubwa ili kuyadhibiti maji hayo. Punguza maji kwenye mchanganyiko wa asidi, unapata pamba ambayo nitrojeni ni zaidi ya asilimia 13 ya uzito wake, hiyo ni ya kulipua. Kikomo cha kinadharia, haidroksili zote tatu zikishikwa, ni asilimia 14.14. Acha maji zaidi, unapata karibu asilimia 12, inayoyeyuka katika etha na alkoholi na kuwa kolodioni, kimiminika kinachokauka na kuacha utando. Shuka hadi karibu 11, changanya na kafuri, una seluloidi, ile plastiki ya filamu na vitana vya zamani. Vitendanishi ni vilevile, na kinachosogezwa zaidi ni kiasi cha maji.

Na kemia haikuishia kwenye mmenyuko. Mwaka 1847 kiwanda cha pamba hiyo huko Faversham, Uingereza, kililipuka na kuua watu, na haikuwa ajali pekee ya aina yake miaka ile. Ilimchukua mkemia Mwingereza Frederick Abel hadi 1865 kupata dawa, nayo ilikuwa ya kuchosha kuisikia: kata, saga na osha. Uzi wa pamba una tundu katikati, na asidi hujificha humo. Ukiosha nyuzi nzima, unaosha nje tu; asidi iliyobaki ndani inaendelea kuila nitrati taratibu hadi siku ya siku. Abel alizisaga nyuzi kama zinavyosagwa za kutengenezea karatasi, kisha akaziosha kwa muda mrefu.

Ninapomwona mtu ameandika "sampuli ilisuuzwa" bila neno jingine, humkumbuka Abel.

Namba moja, vitu viwili

Sehemu hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, na nadhani ndiyo iliyokuwa imejificha nyuma ya swali la barafu.

Wakemia wa selulosi hupima kazi yao kwa kiwango cha ubadilishaji: kwa wastani, katika kila glukosi, haidroksili ngapi kati ya tatu zimeshikwa. Sifuri ni pamba safi, 3 ni pamba iliyojaa. Namba hii huandikwa kwenye kila ripoti, na watu huilinganisha kama wanavyolinganisha uzito.

Sasa chukua asetati ya selulosi. Paul Schützenberger aliipata mwaka 1865 kwa kupasha moto pamba na anhidridi ya asetiki, kemikali inayobandika asetati kwenye haidroksili, bila kichocheo, kwa joto kali, na minyororo ikaumia. Baadaye asidi ya sulfuriki iliruhusu kazi hiyo ifanyike kwa joto la chini sana. Bidhaa yake, triasetati (haidroksili zote tatu zimeshikwa), iliyeyuka kwenye klorofomu, ambayo ni ghali na yenye sumu, ila haikuyeyuka kwenye asetoni. Kwa uzi na filamu watu walitaka asetoni. Asetoni huyeyusha asetati yenye kiwango cha ubadilishaji cha karibu 2.4 au 2.5.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema: basi simamisha mmenyuko ukifika 2.4.

Haifanyi kazi.

Ukisimamisha njiani, unakuwa na nyuzi ambazo tabaka la nje limejaa hadi 3 na moyo wake haujaguswa sawasawa. Wastani wake unaweza kuwa 2.4 barabara. Ukiweka kwenye asetoni, sehemu iliyojaa inakataa kwa sababu imezidi, na sehemu ya ndani inakataa kwa sababu imepungukiwa. Kipimo kinasema umefika, asetoni inasema hujafika.

Mwanzoni mwa karne ya 20 George Miles alipata njia, nayo ni ya kuzunguka: nenda hadi mwisho kwanza, kisha rudi. Acha pamba ijae kabisa. Katika hatua hiyo nyuzi zimeyeyuka ndani ya asidi ya asetiki, hakuna tena nje wala ndani, kila mnyororo uko wazi kama mwenzake. Ndipo unaongeza maji kidogo na kuuacha mchanganyiko ukomae, na maji yanaondoa baadhi ya asetati, moja huku, moja kule, kwa usawa. Ukifika 2.4 kwa njia ya kushuka, inayeyuka.

2.4 ya kupanda na 2.4 ya kushuka. Ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja kwenye jedwali.

Na hebu tazama maji yalivyobadilika sura katika mchakato huo mmoja. Mwanzoni pamba inalowekwa kwenye asidi ya asetiki, mara nyingi yenye unyevu kidogo, ili ivimbe na kufunguka. Kisha maji yanakuwa adui, kwa kuwa kila molekuli ya maji inakula anhidridi. Halafu mwishoni yanaletwa tena kwa mwaliko. Muda wote huo asidi ya sulfuriki inakata minyororo pembeni, na inaikata haraka zaidi kukiwa na joto. Mtu anayesimamia chombo hicho anapigana na joto linalotolewa na mmenyuko wenyewe.

Ukimuuliza "maji yana faida au hasara?" atakuuliza, saa ngapi?

Pombe inayosukuma kostiki

Kaboksimethili selulosi, ile inayofanya dawa ya meno isitiririke, inaonyesha jambo hilohilo kwa upande wa alkali. Pamba fupi, zile nyuzi zinazobaki kwenye mbegu, zinatawanywa ndani ya isopropanoli, kostiki inaongezwa, kisha asidi ya monokloroasetiki. Isopropanoli haipendani na kostiki kali, kwa hiyo inaisukuma iende ilipo selulosi na kuibakiza humo, imekolea.

Lakini asidi ya monokloroasetiki haichagui. Ikikutana na haidroksili ya selulosi, umepata bidhaa. Ikikutana na kostiki iliyokaa bure kwenye maji, umepata glikolati ya sodiamu, takataka ya kuoshwa. Kostiki ikipungua, selulosi haifunguki. Ikizidi, glikolati inaongezeka. Kilele kipo katikati, na hakikai mahali pamoja: ukibadilisha kiasi cha maji, au aina ya alkoholi, kinahama. Ndiyo maana jedwali linalobadilisha kitu kimoja kimoja huku mengine yote yakiwa yamefungwa hunipa wasiwasi. Linapata kilele cha safu moja na kukiita kilele cha mlima.

Wanaofanya kazi hii kwa kawaida huigawa mara mbili. Kostiki huingizwa kwa joto la kawaida la chumba au chini ya hapo. Kisha halijoto hupandishwa hadi sentigredi 50 au 70 ili kaboksimethili ishike. Nilipoliona hilo kwa jicho la swali la barafu, nilicheka peke yangu: kufungua ni kazi ya baridi, kushika ni kazi ya moto, na mtu hazichanganyi. Wanaotaka bidhaa inayotoa myeyusho mzito huifanya chini ya gesi ya nitrojeni, maana oksijeni ikiikuta selulosi ndani ya kostiki huikata.

Watia rangi wana toleo lao. Tangu 1956, kampuni ya Uingereza ICI ilipoanza kuuza rangi za Procion zinazofungamana na selulosi kikemia, mpangilio wa kuongeza vitu umekuwa nusu ya ufundi: chumvi kwanza ili rangi iende kwenye kitambaa, alkali baadaye ili ishike. Geuza mpangilio, na rangi nyingi itamaliza nguvu zake kwa maji.

Pamba iliyowahi kukauka

Kuna sharti moja ambalo karibu halionekani kwenye ripoti, nalo ni maisha ya pamba kabla haijafika kwako.

Ndani ya tumba ambalo halijapasuka, uzi wa pamba umejaa maji, mviringo, laini. Tumba linapofunguka, uzi unakauka kwa mara ya kwanza, unabonyea, unajisokota, na mianya midogo ndani yake inafungwa na vifungo vya haidrojeni ambavyo maji hayatavifungua vyote tena. Kila ukaushaji mkali unaofuata unaweza kuongeza kidogo. Vipande viwili vyenye jina moja, kimoja kilichokaushwa hewani na kingine kwenye oveni, si kitu kimoja mbele ya anhidridi. Ndiyo maana maabara nyingine hulowesha pamba kwa maji, kisha huyaondoa kwa alkoholi au asidi ya asetiki bila kuikausha kabisa, ili mianya ibaki wazi.

Mimi huuliza siku hizi, kabla sijaangalia halijoto: ilikaushwaje?

Chini ya sifuri

Mwanafunzi aliporudi nilimpa utafiti wa Zhang Lina wa Chuo Kikuu cha Wuhan, China. Kostiki asilimia 7, urea asilimia 12, maji, vyote vikipozwa kwanza hadi sentigredi 12 chini ya sifuri. Selulosi ikiingia humo, inayeyuka kwa takribani dakika 2. Haivimbi tu. Inayeyuka. Kostiki ya asilimia 7 kwenye joto la chumba isingefanya hivyo hata ukikesha nayo.

Alisoma, akauliza, "Sasa Mwalimu, si tuyeyushe kwanza kila kitu, tuondoe hili tatizo la nje na ndani?"

Swali zuri, na kwa baadhi ya mambo ndivyo watu wanavyofanya. Etha za selulosi zinatengenezwa humo, na vikundi vinatawanyika kwa usawa kuliko kwenye nyuzi. Lakini minyororo mirefu sana haiyeyuki vizuri, kwa hiyo pamba yenye urefu wake wote inabidi ifupishwe kwanza, na hapo umeshapoteza kitu. Ukipandisha joto ili mmenyuko uende, myeyusho unageuka jeli. Na kwa kuwa ni maji na alkali, anhidridi ya asetiki ingeharibika kabla haijaifikia selulosi, basi asetati huipati kwa njia hiyo. Anayetaka kuyeyusha pamba na bado atumie anhidridi lazima ahame kabisa maji: kloridi ya lithiamu ndani ya kiyeyushi kiitwacho dimethilasetamidi, au vimiminika vya ioni, yaani chumvi zilizo katika hali ya kimiminika, na huko kila tone la unyevu lililobaki kwenye pamba linahesabiwa.

Ameomba tuanze na pamba iliyokaushwa kwa njia mbili, kwenye urea na kostiki, kabla ya kugusa halijoto. Barafu iko tayari.